Somo la Historia: Tauni katika Kijiji cha Eyam, 1665–1666

Shabaha. Mwisho wa somo mwanafunzi aweze kueleza jinsi wanakijiji walivyozuia ugonjwa usienee, na kuipima kila hatua yao kwa swali moja: ilimkinga nani?

Maelezo kwa mwalimu. Eyam ni kijiji cha Derbyshire, Uingereza. Tauni ilizuka humo Septemba 1665; masimulizi ya wenyeji husema ililetwa na viroboto waliokuwamo katika kitambaa kilichotoka London. Juni 1666 kasisi William Mompesson, pamoja na mtangulizi wake Thomas Stanley, waliwashauri watu mambo matatu: kila jamaa izike wafu wake yenyewe, ibada ifanyike nje, mtu yeyote asivuke mpaka wa kijiji. Watu wakakubali. Majirani waliwaletea chakula mpakani, nao wakaacha fedha za malipo ndani ya siki, katika matundu ya jiwe. Tauni ilipokoma, Novemba 1666, watu wapatao 260 walikuwa wamekufa, miongoni mwao Catherine, mkewe Mompesson.

Hatua za kufundisha.

1. Tusimulie kisa mpaka Juni 1666, kisha tunyamaze. Tuulize: "Ungekuwa mzazi kijijini humo, ungekaa au ungekimbia?" Asemaye angekimbia asichekwe, jibu lake ndilo linaloonyesha uzito wa uamuzi ule.

2. Tumalize kisa, kisha tuchore ubaoni safu mbili: "Waliyoyajua" na "Tunayoyajua". Wanakijiji hawakujua kwamba viroboto hueneza tauni, wala hawakujua bakteria wake, aliyegunduliwa na Alexandre Yersin mwaka 1894. Leo tauni hutibika kwa dawa ikitambuliwa mapema.

3. Wanafunzi warudie swali la shabaha. Wataona kwamba mpaka uliwakinga majirani, lakini haukuwaondolea wanakijiji viroboto waliokuwa nao majumbani.

Tahadhari. Tusiligeuze somo kuwa sifa tupu za ushujaa. Kanuni ya Eyam ilishikwa kwa sababu watu walielezwa na viongozi waliokaa nao, na kwa sababu chakula kilifika. Amri isiyo na maelezo wala chakula huvunjwa usiku.

Kazi. Kila kikundi kiandike kanuni tatu za kufuatwa shuleni kipindupindu kikizuka, na chini ya kila kanuni sababu yake. Kanuni isiyo na sababu irudishwe kwa waandishi wake.