Kipanya Kinapogoma Baada ya Kuhamia Linux: Somo kwa Wakaazi wa Fundo

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, isipokuwa kwa kompyuta zilizoandikishwa katika muda wa nyongeza. Kompyuta nyingi zilizokuwa bado nzima hazikidhi masharti ya Windows 11, na baadhi ya wenye kompyuta hizo wamehamia Linux, mfumo huria ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Ufini. Programu huria si ngeni kwa wasemaji wa Kiswahili: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili.

Miongoni mwa malalamiko ya mwanzo ya wanaohama ni haya: kipanya kilichofanya kazi jana, leo hakisogezi kishale. Mwenye kompyuta huambiwa anunue kipanya kingine au arudishe Windows. Kwa mkaazi wa Fundo ushauri huo una gharama, kwani duka na fundi wako ng'ambo ya maji, mjini Wete. Kwenda na kurudi ni nauli ya boti na siku ya kazi, na huenda kipanya kipya nacho kikagoma kwa sababu ileile. Somo hili linaonesha namna ya kutambua tatizo lilipo kabla ya kuvuka.

Kwa nini kipanya hugoma

Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nyenzo ya kipanya ni kiendeshi, ambacho mafundi hukiita draiva: programu ndogo inayoifahamisha kompyuta namna ya kuzungumza na kifaa. Vipanya vingi vya USB hufuata kanuni moja ya kimataifa, na kiini cha Linux kina kiendeshi cha kanuni hiyo tayari. Kwa hiyo kishale, vitufe viwili na gurudumu kwa kawaida hufanya kazi bila kuongezwa chochote. Kinachokosekana mara nyingi ni ziada, kama vile vitufe vya pembeni, taa za rangi na marekebisho ya kasi, kwa sababu watengenezaji wengi huandika programu za ziada hizo kwa ajili ya Windows peke yake.

Kufanya kazi bila kipanya

Mtumiaji asiwe na hofu kishale kinaposimama. Kitufe cha Tab humpeleka kutoka sehemu moja ya dirisha hadi nyingine, na Enter hukubali. Alt na Tab kwa pamoja hubadilisha madirisha. Katika Ubuntu na Linux Mint, vitufe vya Ctrl, Alt na T vikibonyezwa pamoja hufungua dirisha la amri, ambalo litahitajika katika hatua ya pili.

Hatua ya kwanza: kifaa chenyewe

Mtumiaji aangalie swichi iliyo chini ya kipanya, kisha abadilishe betri. Achomeke kipanya katika tundu jingine la USB, moja kwa moja kwenye kompyuta na si kupitia kigawanyishi. Hewa ya bahari hubeba chumvi na unyevu vinavyokula chuma, hivyo ncha ya waya ifutwe kwa kitambaa kikavu. Haifai kuipuliza kwa mdomo, kwani pumzi nayo huongeza unyevu. Mwisho, kipanya kijaribiwe katika kompyuta ya jirani. Kikigoma huko pia, kosa halimo katika Linux.

Hatua ya pili: kompyuta inakiona?

Hili ndilo swali kubwa la somo. Mtumiaji achomoe kipanya, afungue dirisha la amri, aandike lsusb na kubonyeza Enter. Itatokea orodha ya vifaa vya USB. Ahesabu mistari yake. Kisha achomeke kipanya au kipokezi chake, na aandike amri hiyo tena.

Mstari usipoongezeka, kompyuta haikioni kifaa kabisa. Tatizo liko katika waya, tundu, au kipanya chenyewe, na hakuna programu itakayoliponya. Mstari ukiongezeka, kifaa kinaonekana na kasoro inatafutwa upande wa programu. Katika mstari huo mna namba ya utambulisho yenye sehemu mbili. Vifaa vya Logitech, kwa mfano, huanza na 046d. Namba hiyo iandikwe kwenye karatasi.

Hatua ya tatu: tiba kwa aina ya kipanya

Kipanya cha waya kinachoonekana lakini hakisogezi kishale: kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Pale intaneti inapopatikana, mfumo usasishwe kwa amri ya sudo apt update, kisha sudo apt upgrade. Matoleo mapya ya kiini huongeza vifaa vinavyotambulika.

Kipanya cha kipokezi kinachokatakata: kipokezi kihamishwe mbali na tundu la USB 3, ambalo aghalabu huwa na rangi ya buluu. Vifaa vya USB 3 vinaweza kuvuruga mawimbi ya gigahezi 2.4 ambayo vipokezi vingi hutumia. Waya mfupi wa kurefushia huweza kutosha.

Kipanya cha Bluetooth: uunganisho uliofanywa katika Windows hauhamii Linux. Kipanya kiwekwe katika hali ya kuunganishwa na kiongezwe upya katika mipangilio ya Bluetooth.

Kipanya kinachozimika baada ya muda mfupi: huenda mfumo unakikatia umeme ili kubana matumizi. Mipangilio ya kuokoa umeme wa USB ndiyo ya kuangaliwa.

Kipanya chenye vitufe vya ziada: programu ya Piper huweza kupanga vitufe na kasi ya vipanya kadhaa vya michezo, na Solaar husimamia vifaa vingi vya Logitech pamoja na vipokezi vyake. Zote mbili ni za bure.

Onyo: baadhi ya mafundi hushauri kuondoa kiendeshi kiitwacho usbhid na kukirudisha. Kiendeshi hicho ndicho kinachohudumia pia kibodi ya USB. Asiye na kibodi nyingine atabaki bila mkono wa kulia wala wa kushoto.

Kwa ambaye bado hajahama

Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi na kujaribiwa bila kufuta Windows. Katika jaribio hilo mtumiaji aguse kila kitu anachokitegemea: kipanya, printa, sauti na mtandao. Baadhi ya vipanya vina kumbukumbu ndani yake. Mpangilio wa vitufe ukihifadhiwa humo wakati Windows ingalipo, mara nyingi utabaki baada ya kuhama. Nyaraka zote zinakiliwe pembeni kabla ya kusakinisha.

Ikibidi kuvuka

Anayekwenda Wete kwa fundi achukue kipanya, kipokezi, na ikiwezekana kompyuta yenyewe. Karatasi yake iwe na mambo manne: jina na toleo la Linux, namba iliyooneshwa na lsusb, matundu yaliyojaribiwa, na matokeo katika kompyuta ya jirani. Kwa maelezo hayo fundi ataanza pale mwenye kompyuta alipoishia. Na iwapo ni lazima kununua kipanya kingine, kijaribiwe katika kompyuta hiyohiyo ya Linux pale pale dukani, kabla ya fedha kutolewa na kabla ya boti ya kurudi kung'oa nanga.