Betri Mbili Katika Gari Moja: Hatua Moja Mbele ya Somo la Tochi

Katika kufundisha umeme, walimu wengi hukomea kwenye tochi. Mwanafunzi huunganisha betri, waya na balbu, taa huwaka, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Hatuna ugomvi na tochi. Lakini yafaa mwanachuo ajue namna ya kuwavusha watoto wa madarasa ya juu kutoka hapo hadi kwenye swali ambalo hata watu wazima hulikosea. Swali tulilolichagua ni hili: gari la safari ngumu, mathalani Land Rover au Land Cruiser inayopeleka chanjo vijijini, likifungwa betri ya pili kwa ajili ya jokofu na taa za usiku, betri hizo mbili ziunganishwe namna gani?

Jambo lenyewe si dogo. Chanjo nyingi hutakiwa kutunzwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Sentigredi, kwa hiyo jokofu halizimwi watu wanapolala. Ikiwa linakula umeme wa betri ileile inayowasha injini, alfajiri dereva atageuza ufunguo na kusikia mlio mkavu tu. Gari la namna hiyo ni zito, halisukumwi kwa urahisi mchangani, na huenda asubuhi hiyo hiyo kuna mgonjwa anayengoja kupelekwa hospitali.

Kuanzia kwenye wanayoyajua

Somo lianzie shambani. Waulizeni watoto: mbegu za msimu ujao huwekwa wapi nyumbani kwenu? Watasema huning'inizwa juu ya meko, au hutiwa katika chombo cha peke yake. Kwa nini zisichanganywe na nafaka ya chakula? Hapo hapana mtoto wa mkulima atakayesita. Basi betri ya kuwashia injini ndiyo mbegu, na betri ya pili ndiyo chakula. Walimu wengine hupenda mfano wa mitungi miwili ya maji iliyounganishwa kwa mpira chini. Nao ni mzuri, maana ukiteka katika mmoja, wa pili nao hushuka. Lakini mfano wa mbegu unabeba sababu ya kutenganisha, na hiyo ndiyo shabaha ya somo.

Jaribio la usiku mmoja

Tayarisheni meza tatu. Kila jozi ya betri ni betri mbili ndogo za unene wa kidole, za volti 1.5 kila moja, zilizofuatanishwa ili zitoe volti 3. Nunueni zile za bei ya chini. Za alkali hudumu mno na zitaharibu jaribio. Kila meza iwe na balbu moja ya tochi kuwakilisha jokofu. Meza ya kwanza ipewe jozi moja tu. Meza ya pili ipewe jozi mbili zilizounganishwa sambamba moja kwa moja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Meza ya tatu nayo ipewe jozi mbili, ila kati ya chanya na chanya iwekwe swichi, nayo iachwe wazi. Balbu iunganishwe na jozi moja tu.

Kabla ya kuwasha, kila mwanafunzi aandike daftarini ni meza ipi kesho asubuhi itaweza kuzungusha mota ndogo, ambayo yaweza kung'olewa katika redio-kaseti mbovu. Mota hiyo ndiyo stata yetu. Msiruhusu yeyote akwepe kuandika. Aghalabu wengi watachagua meza ya pili, kwa hoja kwamba mbili ni zaidi ya moja. Mwalimu asiwasahihishe. Afunge darasa aende zake.

Asubuhi mota ijaribiwe kwenye meza zote, na kwenye meza ya tatu ijaribiwe kwa jozi iliyotengwa. Meza ya kwanza haitakuwa na kitu. Ya pili itakuwa imechoka. Pengine mota itazunguka kwa ulegevu, na hilo lisiwafadhaishe, bali watoto walinganishe. Ya tatu itazunguka kama jana. Hapo ndipo wanafunzi wayarudie maandishi yao na kueleza kwa nini betri nyingi si lazima ziwe akiba. Mwanachuo afanye jaribio hili nyumbani kwanza, maana balbu na betri za madukani hutofautiana.

Jambo moja jaribio haliwezi kulionyesha: betri hizi hazichajiwi tena. Waambieni hivyo waziwazi, asije mtoto akazichaji nyumbani zikapasuka.

Kutoka mezani hadi kwenye gari

Dereva au fundi akikubali kuja na gari, wanafunzi waone kipima volti kikifanya kazi. Betri ya gari iliyojaa, injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika, husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwashwa, alteneta huipandisha hadi kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Waulizeni: je, kifaa kisicho na macho kinaweza kujua kuwa injini inazunguka? Kwa tofauti hiyo ya volti, kinaweza. Kuna rilei inayofanya kazi ya swichi yetu ya meza ya tatu: aghalabu huunganisha betri mbili volti zinapofika karibu 13.3, na huzitenganisha zinaposhuka hadi karibu 12.8. Katika magari mengi mapya alteneta huongozwa na kompyuta na volti zake hubadilika-badilika, hivyo mafundi hutumia chaja maalumu badala ya rilei.

Betri zenyewe hazifanani. Ya stata ina mabamba membamba mengi, ili itoe mamia ya ampea kwa sekunde chache. Ya akiba ina mabamba manene, ili itoe kidogo kwa saa nyingi. Hesabu nayo ipate nafasi: betri ya ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, italiendesha jokofu linalokula wastani wa ampea 3 kwa muda gani? Jibu ni saa 16 na dakika 40.

Mwalimu asimwachie mtoto kugusa betri ya gari. Ndani yake mna tindikali inayounguza ngozi na macho. Ikichajiwa hutoa haidrojeni, ambayo cheche moja huilipua. Spana ikiangukia ncha zote mbili hugeuka moto mara moja. Wanafunzi wasimame mbali, pasiwe na sigara, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Kazi ya kufungua nyaya ni ya fundi, naye huanza na ncha hasi na kuirudisha mwisho. Waangalie tu jinsi betri ya pili ilivyobanwa kwa boliti, kwa kuwa barabara ya makorongo huivunja iliyolegea.

Swali la kupimia liwe hili: waya mnene unaotoka chanya ya betri ya kwanza kwenda chanya ya betri ya pili una fyuzi mbili, moja karibu na kila betri, kwa nini moja haitoshi? Anayejibu kwamba fyuzi ya pili ni ya akiba hajaelewa. Anayesema kwamba waya huo una chemchemi ya umeme kila upande, na ukichubuka ukagusa bodi ya gari moto utatoka pande zote mbili, apewe alama zote, hata kama hakulijua neno "fyuzi" aliandikeje.