Dondoo muhimu: Bolti za ekzosi zisilegee

Joto na mtikisiko wa injini yenye nguvu hulegeza bolti za manifoldi ya ekzosi na kuunguza gasketi. Jikinge hivi:

1. Subiri injini ipoe kabisa kabla ya kugusa bolti.
2. Ondoa mabaki yote ya gasketi ya zamani. Usirudishe iliyokwisha kutumika.
3. Ingiza bolti zote kwa mkono, ndipo ukaze kuanzia katikati kwenda pembeni.
4. Tumia spana ya toki kwa kipimo cha mtengenezaji. Kukaza kupita kiasi hukata bolti.
5. Washa injini ipate moto, iache ipoe, kisha kagua mkazo upya.
6. Funga imara hanga zinazoshikilia bomba la ekzosi. Bomba linaloning'inia huvuta manifoldi.
7. Ukiona masizi kwenye maungio, tengeneza mara moja: moshi unaovuja ni sumu.