Kemia ya Jikoni: Sandwichi ya Samaki Yenye Viungo

Mji wa Same umo katika tambarare kavu chini ya Milima ya Upare, zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari na mbali sana na pwani. Hata hivyo samaki si kitu kigeni kwa wenyeji wake. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 mahali mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana na kuwa Mto Pangani, huwapatia watu wa Upare samaki aina ya perege. Huko juu milimani, hasa sehemu za Mamba Myamba, hulimwa tangawizi inayojulikana nchi nzima. Mwenye perege, tangawizi, pilipili, ndimu na mkate ana kila kitu kinachohitajiwa kutengeneza sandwichi ya samaki nyumbani kwake. Chakula hiki si cha asili ya Wapare, ambao kwao makande yana heshima zaidi. Lakini kinafaa sana kwa somo la kemia na biolojia, kwa sababu viungo vyake vina uwezo wa kumdanganya mpishi, na mpishi aliyedanganyika huweza kuwaletea walaji maradhi.

Nyama ya perege ni maji kwa karibu sehemu nne katika tano. Protini ni kiasi cha asilimia 20, na mafuta ni kidogo. Samaki akiisha kufa, vimeng'enya vilivyomo mwilini mwake huanza kuvunja protini, na bakteria waliokuwa katika ngozi, matamvua na utumbo huendeleza kazi hiyo. Katika joto la Same, ambalo mchana wa Januari au Februari hupita nyuzi 30 za Sentigredi, mambo hayo hayachukui muda mrefu. Miongoni mwa mazao yake ni amini, jamii ya kemikali zinazofanana na amonia. Amini huruka hewani upesi, na pua huzitambua kuwa ni shombo.

Hapa ndipo ndimu inapoingia. Amini ni besi, na maji ya ndimu yana asidi ya sitriki. Asidi na besi zikikutana hufanya chumvi, kama kila mwanafunzi wa kemia ajuavyo, na chumvi hizo haziruki hewani. Shombo hutoweka. Lakini bakteria waliozitengeneza amini hizo wangali wapo, pamoja na sumu walizozitoa, ikiwa walitoa. Kwa hiyo samaki apaswa kukaguliwa kabla ya kutiwa ndimu: macho yawe maangavu, matamvua yawe mekundu, na nyama ikibonyezwa kwa kidole irudi mahali pake. Aliyekwisha kukamuliwa ndimu hawezi tena kutoa ushahidi kwa harufu yake.

Ni haki kuitetea ndimu katika jambo moja. Samaki wa maji baridi mara nyingine hunuka tope hata kama ni mzima kabisa. Harufu hiyo hutokana na kemikali iitwayo geosmini, inayotengenezwa na viumbe vidogo vya majini na udongoni, nayo huvunjika katika asidi. Hapo ndimu haifichi kitu, bali huondoa kilichokuwapo.

Perege wa nusu kilo hutoa nyama isiyo na miiba kiasi cha theluthi moja tu ya uzito wake, nayo yatosha sandwichi mbili. Nyama hiyo hukatwa vipande vyembamba, ikapakwa chumvi kidogo, ndimu, pilipili iliyopondwa na tangawizi mbichi iliyotwangwa. Wengi hudhani kuwa viungo vikikaa muda mrefu zaidi ndivyo vitakavyokolea. Kwa tangawizi haiko hivyo. Ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho zingibaini, ambacho huvunja protini. Kwa nyama ngumu ya ng'ombe kimeng'enya hiki ni msaada, lakini nyama ya samaki ni laini tangu mwanzo, na ikiachwa na tangawizi kwa saa nyingi hugeuka rojorojo. Nusu saa yatosha.

Pilipili ina habari yake. Ukali wake hutokana na kapsaisini, ambayo kwa wingi haimo katika mbegu, kama isemwavyo, bali katika utando mweupe unaozishika mbegu hizo. Mwaka 1997 David Julius na wenzake nchini Marekani walikitambua kipokezi cha neva kinachoshikwa na kapsaisini, kazi iliyompatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Kipokezi hicho hicho ndicho kinachoamshwa na joto la zaidi ya nyuzi 43 hivi. Mtu aliyekula pilipili husema kinywa kinaungua, na kwa upande wa neva zake anasema kweli, ingawa hakuna kilichoungua. Kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji. Huyeyuka katika mafuta. Ndiyo maana kunywa maji hakusaidii, bali maziwa husaidia. Ndege hawausikii ukali huo, nao hula pilipili na kuzitawanya mbegu zake.

Sasa samaki hukaangwa. Mwalimu aweza kuuliza swali: ikiwa maji huchemka katika joto dogo zaidi kadiri mtu anavyopanda mlima, je, kukaanga nako kunabadilika? Katika mji wa Same maji huchemka kwa nyuzi 97 hivi. Kwenye kilele cha Shengena, mita 2,462, yangechemka kwa nyuzi 92 hivi, na makande yangechukua muda mrefu zaidi kuiva. Mafuta ya kukaangia, lakini, hufikishwa nyuzi 170 au 180 bila kuchemka, popote pale. Sauti ya kuchacharika isikikayo ni maji ya samaki yanayogeuka mvuke. Maji yakiisha kuondoka juu ya ngozi, joto lake hupanda, na protini na sukari hufanya ile rangi ya kahawia na harufu tamu ambazo Mfaransa Louis-Camille Maillard alianza kuzieleza mwaka 1912. Ndani, ambako maji yangalimo, joto haliwezi kupita kiwango cha kuchemka. Nyama hupoteza ung'avu wake, huwa nyeupe na kuachana vipande vipande. Ikifikia nyuzi 63 imeiva, na bakteria wengi wamekufa. Ndimu pia huifanya nyama kuwa nyeupe, kwa kuwa asidi nayo hubadili umbo la protini, lakini weupe huo si dalili ya kuiva.

Samaki aachwe apoe kidogo kabla ya kuwekwa katika mkate, maana mvuke wake huulowesha. Siagi iliyopakwa mkateni huzuia maji yasipenye.

Mwanafunzi aliyeandaa sandwichi hii saa 12 asubuhi na kuila saa 7 mchana amewapa bakteria muda wa saa saba. Baadhi yao, wakipata joto na unyevu wa kutosha, hugawanyika kila dakika 20. Hiyo ni mara 21, na mmoja aweza kuzaa 2,097,152. Miongoni mwao mna stafilokoka, akaaye puani na mikononi mwa watu wazima wa afya. Sumu yake huvumilia moto, kwa hiyo kuipasha sandwichi upya hakuiondoi, na pilipili haiizuii. Pasipo jokofu, saa mbili ni nyingi za kutosha, na siku za joto kali, saa moja.

Zingibaini inaweza kuonyeshwa darasani bila gharama. Maziwa hupashwa hadi nyuzi 70 hivi, yakagawanywa katika vikombe viwili. Cha kwanza hutiwa maji ya tangawizi mbichi yaliyokamuliwa wakati huo huo. Cha pili hutiwa maji ya tangawizi yaliyochemshwa kwanza kwa dakika kadhaa. Baada ya muda mfupi maziwa ya kikombe cha kwanza huganda, na ya kikombe cha pili hubaki kama yalivyokuwa.