Somo: Jinsi ya Kusoma Sheria Iliyosahihishwa



Kila chama cha watu wa kujitolea kina sheria zake, nazo hubadilishwa, maana mambo ya chama hayakai vilevile siku zote. Kubadilisha si kosa. Hatari ni hii: neno likibadilika, na wanachama wasitambue, watajikuta wamefungwa na ahadi ambayo hawakuifikiri. Basi na tutazame mfano mmoja.

1. Chama chenyewe. Mwaka 1993 Ian Murdock alianzisha kazi iitwayo Debian. Watu wa nchi nyingi hujitolea kutengeneza mfumo wa programu uendeshao kompyuta, na kila autakaye huupata bure. Wengi wao hukaa mbali mbali, kwa hiyo maandiko ndiyo yawaunganishayo. Tarehe 5 Julai 1997 walikubali Mapatano na Jamii, yaani ahadi zao kwa watu wote. Na tarehe 2 Desemba 1998 wakakubali Katiba.

2. Desturi yao ya kubadilisha. Tangu 1998 hata 2022 Katiba hiyo ilitolewa mara kumi, kutoka toleo la 1.0 mpaka la 1.9. Kila toleo lina hesabu yake na tarehe lilipokubaliwa, na matoleo ya kale yamehifadhiwa, ili mtu apate kuyalinganisha. Tena haitoshi wanaokubali kuwazidi kidogo wanaokataa. Sharti wawazidi mara tatu. Mwaka 2003 walieleza wazi kwamba ulinzi huo wayahusu Mapatano pia.

3. Neno moja lililoondolewa. Mwezi wa Aprili 2004 wanachama walipiga kura juu ya azimio lililoitwa masahihisho ya maandishi tu ya Mapatano. Ahadi ya kwanza ya zamani ilisema kwamba Debian itabaki kuwa programu huru kabisa, yaani programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzigeuza na kuzigawa. Ahadi mpya ilisema kwamba itabaki huru kabisa. Neno “programu” halikuwamo tena katika kichwa chake. Azimio likapita.

Ndipo maana yake ilipoonekana. Kama ahadi si ya programu peke yake, basi vitabu vya maelezo vilivyomo katika mfumo navyo vyapaswa kuwa huru, na kila kitu kinginecho. Na vingine havikuwa hivyo. Toleo jipya la mfumo, liitwalo Sarge, lilikuwa likitayarishwa, nalo likawa katika hatari ya kucheleweshwa sana. Wako waliolalamika kwamba jina la azimio liliwapoteza. Ikawabidi kupiga kura tena mwaka uleule, wakaamua mabadiliko yale yangoje mpaka Sarge itolewe. Ilitolewa tarehe 6 Juni 2005.

Angalieni: hakuna kilichofichwa. Maneno ya zamani na mapya yalikuwapo, na kura ilipigwa kwa haki. Lakini msomaji aliyeliamini jina la azimio, asiyasome maneno yenyewe, hakuona uzito wake.

4. Mambo ya kushika. Sheria ya chama chenu ikisahihishwa, iwe ya kwaya au ya chama cha akiba, fanyeni hivi. Wekeni nakala ya zamani, msiitupe. Andikeni juu ya ile mpya hesabu ya toleo na tarehe. Zisomeni zote mbili pamoja, mstari kwa mstari, na mtie alama kila neno lililoongezwa au kuondolewa. Kisha ulizeni, “Neno hili lilikuwa likizuia nini, au likiruhusu nini?” Jibuni kabla ya kura, wala si baada yake.

Maswali ya kujifunza:
Kwa nini wengi walilidhani badiliko la 2004 kuwa dogo?
Je, wingi wa kura waweza kushika mahali pa kusoma kwa uangalifu?
Katika chama chenu, ni nani awekaye nakala za sheria za zamani?