Rubani mchanga na tumbusi

SWALI: Nauza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mwanangu anataka kusomea urubani wa ndege ndogo. Je, marubani wachanga ndio huanguka?

JIBU: Mama, hofu yako ina msingi. Michael Grzimek, Mjerumani wa miaka 24, hakuwa na miaka mingi ya urubani alipokufa Januari 10, 1959, akiwa kwenye kazi ya kuhesabu wanyama wa Serengeti. Tumbusi aligonga bawa la ndege yake ndogo ya Dornier, yenye milia ya pundamilia. Amezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Pigo kama hilo humshinda hata mzoefu. Uzoefu hufaa kabla ya pigo, kwa kujua kwamba tumbusi hupanda na hewa ya joto mchana. Leseni ya kwanza huhitaji takriban saa 40 angani. Ni chache mno! Mwanao akifaulu, aendelee kuruka na mwalimu.