Taa ya Breki Isipowaka: Waya na Viungio vya Gari la Mizigo

Alfajiri, Barabara ya Jogoo hujaa magari madogo ya mizigo: Probox, TownAce na HiAce zikitoka masoko ya Wakulima na Gikomba kuelekea Umoja, Kayole na Dandora. Giza bado halijaondoka. Gari lisilo na taa za breki likisimama ghafla, mwendesha boda aliye nyuma hujua akishagonga.

Mara nyingi balbu haina kosa. Kosa liko kwenye kiungio, yaani pale waya mbili zinapokutana. Gari linalobeba samaki au sukuma wiki hulowa sakafu kila siku. Maji hupenya hadi kwenye plagi ya taa za nyuma, shaba ikashika kutu ya kijani na umeme ukapita kwa shida. Kiungio chenye ukinzani wa omu 0.1 kikipitisha ampea 10 hupoteza volti 1 na kutoa joto la wati 10, mahali padogo kama ukucha. Plastiki huanza kulainika. Fyuzi haikatiki, kwa sababu mkondo haujazidi.

Nayo fyuzi inayokatika kila mara haitibiwi kwa kuweka kubwa zaidi, sembuse karatasi ya sigara. Ya bluu ni ampea 15, ya kijani 30. Anayetoa ya bluu akaweka ya kijani ameruhusu waya uleule mwembamba kubeba mara mbili, na waya huo hupita karibu na magunia.

Breki ikikanyagwa kisha indiketa ikawaka hafifu, waya wa bodi ndio wa kushukiwa. Fundi, awe Kariobangi Light Industries au kwingine, hupima taa ikiwa imewaka: ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa bodi wa taa hiyo. Ikizidi volti 0.2 hivi, skrubu ifunguliwe, chuma kisuguliwe kwa msasa mpaka king'ae.

Kusokota waya na kuzungushia tepu kunatosha kumfikisha mtu nyumbani tu. Kiungio cha kudumu hubanwa kwa koleo la kazi hiyo, kikavikwa mpira unaosinyaa kwa joto. Mlango wa nyuma nao hufunguliwa mara nyingi kwa siku, na waya hukatikia ndani ya mpira ulio karibu na bawaba.

Ukaguzi wa NTSA kwa magari ya biashara ni wa kila mwaka, lakini taa inaweza kuzimika kesho yake. Dereva aliye peke yake hurudi nyuma hadi karibu na ukuta jioni, akakanyaga breki na kutazama wekundu wake kwenye kioo.